Vidole Sita Aingia Darasani

Ukitembea ile barabara ya maduka, kuanzia duka la vipuri vya baiskeli mpaka kwenye kona ya kinyozi, utakutana na watu kumi na mmoja waliochorwa kwenye mabango, na hakuna hata mmoja utakayeuona mkono wake. Kinyozi amesimama kifua mbele, mikono nyuma, kama askari anayekaguliwa. Muuza viatu ameitia mifukoni. Mama wa vitambaa amekumbatia robota kubwa lililomfunika mpaka viwikoni. Daktari wa meno amesimama nyuma ya kiti, na kiti kimemwonea huruma kikamficha. Wote wanatabasamu, meno yanang'aa, mashati yamenyooka. Ila ukiwauliza kazi wanaifanyaje, watakuangalia tu.

Aliyewachora ni mtu mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye haya nyingi kuliko rangi zake. Mtaa mzima ulimwita Vidole Sita. Yeye mwenyewe alikuwa na vidole vitano kila mkono, kama mimi na wewe. Jina hilo alilipata kazini, katika bango lake la kwanza kabisa.

Alikuwa kijana wakati huo. Shule ya msingi alimaliza, zaidi ya hapo hakuendelea, akakaa miaka minne kwa fundi wa mabango akiosha brashi. Fundi yule alikuwa na amri moja: hesabu herufi, pima ubao, gawa nafasi, ndipo uchovye brashi. Neno lienee ubao mzima, pembeni pasibaki uwanja wa mpira. Kijana akaishika amri ile kama sala. Basi alipopata kazi yake mwenyewe, bango la bucha, mwenye bucha akataka achorewe mkono mkubwa ulioshika kisu. Kijana akapima ubao, akaugawa, akavipanga vidole kama herufi, kimoja baada ya kingine, nafasi sawa kwa sawa. Alipomaliza cha tano akarudi nyuma hatua mbili, akaona upande wa kulia pamebaki pengo. Na pengo, kwa mchora mabango, ni kama jino la mbele lililong'oka. Akaongeza kidole. Pengo likajaa, ubao ukakaa sawa, moyo wake ukatulia.

Mwenye bucha hakuona kitu. Alikuwa anaangalia kisu. Bango likakaa siku tatu, mpaka mteja mmoja asiye na haraka aliposimama mbele yake akihesabu kwa sauti.

"Bwana nyama," akauliza, "hiki kidole cha sita ni cha kwako, au nacho kinauzwa?"

Bango likashushwa, jina likapanda. "Kidole kimoja hakivunji chawa," watu walimwambia njiani, "lakini wewe kwa sita ulitaka kuvunja nini?" Hata siku ya harusi yake, shangazi wa bibi harusi alimnong'oneza binti wa kaka yake kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi: "Mwanangu, hesabu kwanza kabla hujamvisha pete."

Toka hapo Vidole Sita hakuchora mkono tena. Ilikuwa imepita miaka ishirini na tatu, na katika miaka hiyo alijua kila namna ambayo binadamu anaweza kuificha mikono yake bila kuonekana mwizi.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa kibaraza kimoja na mkewe. Upande huu makopo ya rangi, ngazi na mbao. Upande ule cherehani ya mkewe, kioo kirefu cha wateja, na kikapu cha vipande vya nguo. Mke alikuwa na maneno ya watu wawili, na hilo lilimfaa mumewe, maana yeye alikuwa na ya nusu mtu.

Siku moja asubuhi akaja Mwalimu Mkuu wa shule ya kati iliyo nyuma ya barabara ile. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alisema kama mtu anayesoma tangazo.

"Fundi, mwalimu wangu wa sanaa ameenda likizo ya uzazi. Nataka unishikie darasa lake, watoto wa miaka kumi na tatu, Alhamisi mbili kabla ya chakula."

Vidole Sita aliitazama ngazi yake kama ingemsemea. Shule ile aliijua kwa nje tu. Alikuwa ameandika jina lake juu ya lango, akiwa kwenye ngazi, na hata lango lenyewe hakulipita. Alitaka kukataa. Lakini kukubali ni neno moja, na kukataa kunahitaji maelezo.

"Ndiyo," akasema.

"Alhamisi mbili maana yake vipindi viwili, kila Alhamisi," Mwalimu Mkuu akafafanua.

"Ndiyo."

Alipoondoka, mkewe alisimamisha cherehani. "Baba watoto, wewe umekubali kufundisha?"

"Nadhani."

"Watoto wa miaka kumi na tatu?"

"Amesema hivyo."

"Pole yao," mke akasema, kisha akacheka. "Hapana, pole yako."

Alhamisi ya kwanza alivaa shati la harusini. Wanafunzi thelathini na wanane walisimama, wakamwamkia kwa mkupuo, naye akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyemwagiwa maji. Akageukia ubao. Ubao alikuwa anaujua. Akachukua rula kubwa, akapima, akahesabu herufi, akagawa nafasi, akaandika SANAA kwa herufi zenye vivuli, utadhani zimechongwa kwenye mbao. Wanafunzi wakanyoosha shingo. Hawakuwahi kuona ubao wao ukipendeza namna ile. Tatizo ni kwamba vipindi vyote viwili vikawa vimekwisha.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu wa Hesabu, ambaye kipindi chake kilifuata sanaa. Huyu alikuwa na desturi ya kufika dakika tano kabla, akaegemeza mkono wa kulia kwenye fremu ya mlango, chaki tayari kati ya vidole, akisubiri kama mtu aliyekuja kudai kiti chake.

"Neno moja, vipindi viwili," akasema. "Ukiandika sentensi, hawa watafunga shule."

Watoto wakacheka. Vidole Sita naye akacheka, kwa sababu alikuwa amezoea kuchekwa, na mtu aliyezoea huwa anasaidia.

Mchana ule Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Akamweleza jambo ambalo kibarazani hakulisema. Mwalimu wa Hesabu alikuwa anavitaka vipindi vile viwili vya Alhamisi. Alisema sanaa ni usingizi uliopewa jina, na kwamba hata wazazi hawaijali.

"Na hapo ana ukweli," Mwalimu Mkuu akasema. "Siku ya wazazi mwaka jana waliingia watu wanne tu chumba cha sanaa, na wawili walikuwa wanatafuta choo. Sasa sikia, Fundi. Siku ya wazazi ni baada ya wiki nane. Wakiingia na kukaa, kipindi kinabaki. Wakipita kama kawaida yao, muhula ujao nampa hesabu. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Kusema kweli, siku ile halikumuuma. Alijiambia: wakichukua wachukue, mimi nina ngazi yangu. Lakini kitu kikiwekwa mkononi mwako muda mrefu, mkono hukizoea.

Wiki ya pili aliwaambia watafute rangi bila kwenda dukani. Yeye mwenyewe, enzi za kuosha brashi, ndivyo alivyojifunza. Wakaleta mkaa, vipande vya tofali, majani mabichi, masalia ya majani ya chai. Wakasaga, wakachanganya na uji wa unga ili rangi ishike kwenye karatasi. Ilishika. Ilishika kwenye karatasi, madawati, masikio, na mashati meupe ya shule. Kesho yake wazazi watatu walifika mapema asubuhi, tena kwa miguu ya haraka, ila hawakuja kuangalia sanaa.

Wiki ya tatu, kwa kuogopa wale wazazi, akachagua kazi kavu. Alibeba kikapu cha vipande vya nguo kutoka kwa mkewe, akawaambia wachore mtaa wao bila penseli, kwa kukata na kubandika tu. Ikawa kazi nzuri sana. Mitaa ikatokea, yenye nyumba za maua na barabara za mistari, na jua la kitambaa cha mto. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika gauni la mteja lenye mkono mmoja.

"Baba watoto, mkono wa pili wa gauni hili ulikuwa juu ya kikapu. Uko wapi?"

Akafikiri. "Wa bluu?"

"Wa bluu."

"Sasa hivi ni paa la kituo cha polisi."

Mke akakaa chini. Alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia. "Yaani mume anatoa mabango yasiyo na mikono, na mke naye magauni yasiyo na mikono. Tutawaambia nini watu? Kwamba ni ugonjwa wa nyumbani?"

Wiki ya nne aliwaambia wavue kiatu kimoja, wakiweke juu ya dawati, wakichore bila kuangalia karatasi na bila kuinua penseli. Harufu iliyotoka hapo tuiache. Michoro ilitoka ya ajabu: kiatu kimoja kilikuwa mbuzi kabisa, kamba zake pembe. Mchoraji alikishika juu, akasema kwa uso mkavu, "Mwalimu, changu kimekataa kuwa kiatu." Vidole Sita akacheka, na safari hii hakuwa anamsaidia mtu. Alicheka mpaka akashika ubao. Alipogeuka akakuta darasa zima linamtazama kwa furaha, kama watu waliofanikiwa kuwasha jiko lenye kuni mbichi.

Jioni ile alimwambia mkewe, bila kuulizwa, "Wana akili wale." Mkewe akakata uzi kwa meno. Mumewe kuanzisha mazungumzo! Alijua kwamba sasa kipindi kile kikichukuliwa, kutakuwa na msiba kibarazani.

Wiki ya tano ndipo yalipomkuta. Aliwatoa nje, wakatembea barabara ya maduka na madaftari, kila mmoja achague bango na aeleze kwa nini linavutia au halivutii. Alijivunia kidogo, maana mabango mengi yalikuwa ya mkono wake. Waliporudi darasani, msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama. Wenzake walimwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kushindwa kesi, hata ile aliyokuwa na makosa. Tena alikuwa binti wa kinyozi wa kona.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza."

"Nimehesabu watu kumi na mmoja kwenye mabango yako. Mikono niliyoiona ni sifuri. Muuza viatu mfukoni, mama wa vitambaa kwenye robota, fundi saa amevaa koti linaloburuta." Akageuza ukurasa. "Na wa kumi na mmoja ni baba yangu. Baba yangu ana miaka tisa mikono iko nyuma. Wateja wanamuuliza ananyoa kwa mdomo. Kwa nini, Mwalimu?"

Mlangoni, mkono wa Mwalimu wa Hesabu ulikuwa tayari kwenye fremu, chaki imesimama.

"Mwambieni aeleze," Mwalimu wa Hesabu akasema kwa upole, kama anayetoa chambo. "Mwulizeni habari za bucha."

Vidole Sita alikusanya makaratasi yake. Akaangusha matatu, akayaokota, akaangusha mawili. Akatoka.

Nyumbani alikaa kwenye ngazi yake, ngazi imelala chini. Mkewe alimwacha kwanza, kisha akaja na vikombe viwili vya chai.

"Wameuliza?"

"Wameuliza."

"Ukajibu?"

"Niliondoka."

"Sasa Alhamisi utakwenda na uso gani?"

"Sitakwenda. Wampe wa hesabu. Yeye vidole anavijua."

Mke akanywa chai yake taratibu. "Nikwambie? Hao watoto hawakukucheka. Wamekuuliza. Wakubwa ndio walicheka bila kuuliza. Miaka ishirini na tatu hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuuliza kile kidole kilitoka wapi, hata mimi. Kilitoka wapi?"

Akamwambia: nafasi ilibaki.

Mke alikitua kikombe. "Nafasi ilibaki," akarudia. Midomo yake ikaanza kutetemeka. "Yaani ingebaki kubwa zaidi ungemwekea na mguu?" Wakacheka wote wawili mpaka mteja aliyekuja kupimwa akasimama nje akidhani amekosea nyumba.

Kesho yake Vidole Sita alikwenda bucha. Lile bango la zamani halikutupwa. Mwenye bucha alikuwa mkono wa birika, hatupi hata kamba. Alikuwa ameligeuza mlango wa banda la kuku. Akalifungua kwenye bawaba, akampa kwa sharti la kurudisha mlango mwingine, na Alhamisi likaingia darasani likiwa na manyoya mawili yaliyoganda.

Aliliegemeza ubaoni. "Hesabuni," akasema.

Wakahesabu kwa pamoja. Walipofika sita, paa nusura liruke. Akawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha akawaeleza: herufi, ubao, pengo. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na aliitoa akilitazama dirisha.

Wakili akainua mkono. "Kwa hiyo hukukosea kuchora, Mwalimu. Ulikosea kupanga."

"Ni kitu kilekile."

"Si kilekile," akasema Wakili, na kama nilivyosema, hakuwahi kushindwa kesi. "Tufundishe mikono."

"Siijui."

"Basi tujifunze wote. Zimebaki wiki tatu."

Alirudi kibarazani akiwa na kazi ya nyumbani, ya kwanza tangu amalize shule ya msingi. Mchana akakaa kwenye kigoda mbele ya cherehani, penseli mkononi, akaitazama mikono ya mkewe ikisukuma kitambaa. Akachora, akafuta, akachora. Kila alipovipanga vidole, vilitoka kama soseji kwenye sinia.

"Miaka yote hii unakula kwa mikono hii," mkewe akasema bila kuinua macho, "leo ndiyo unaiona?"

"Usiisogeze."

"Nisipoisogeza nani atashona?"

Ndipo alipoliona. Kitambaa kilikuwa cheusi, mikono imekaa juu yake, na kati ya kidole na kidole palionekana vipande vya weusi: kimoja chembamba kama jani la nyasi, kingine kama mbegu, na kimoja, kati ya gumba na kidole cha shahada, kipana kama bonde. Nafasi! Nafasi alikuwa anazijua kuliko mtu yeyote mtaani. Alikuwa amezitazama katikati ya herufi maisha yake yote. Akaacha vidole, akachora nafasi. Alipomaliza ya nne akainua penseli, na mkono wa mkewe ulikuwa pale kwenye karatasi, umechoka kidogo, umevaa subana ya kushonea kidoleni.

Mke akauchukua. Hakusema kitu, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Alhamisi iliyofuata aliwaambia wanafunzi, "Msichore vidole. Vidole ni vya uongo. Choreni nafasi zilizo katikati. Ziko nne tu. Na gumba mwachieni uwanja wake wa mpira, msimbane na wenzake." Akasema, kila mmoja achore mkono wa mtu mmoja wa nyumbani kwao, ukiwa kazini. Mkono peke yake, bila uso.

"Tuandike majina chini?" mmoja akauliza.

"Tusiandike," Wakili akadakia. "Tukiandika watasoma majina waondoke. Wautafute mkono wao wenyewe."

Vidole Sita alitaka kusema wazo zuri. Akasema, "Ndiyo." Lakini wote walilisikia lile neno lilivyotoka.

Siku ya wazazi alifika alfajiri, akabandika mikono thelathini na minane kwenye kuta. Akapima, akagawa nafasi. Pembeni pakabaki pengo dogo, karibu na mlango. Akalitazama. Akatoa karatasi moja mfukoni, akabandika wa thelathini na tisa. Kisha akasimama nyuma ya kabati.

Wazazi walipita kama kawaida yao. Walikwenda kuchukua ripoti, wakizisoma huku wanatembea, wengine wakizikunja haraka. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Nyuma ya kabati Vidole Sita alihesabu mpaka kumi na sita, kisha akaacha, maana hesabu nayo ina ukatili wake. Ndipo akasikia sauti ya Wakili koridoni.

"Baba, mkono wako umo humu ndani. Ukiupata nitafagia saluni mwezi mzima."

Kinyozi akaingia. Akazunguka ukuta wa kwanza, akiutazama mkono wake na kuulinganisha. Akaja mama mmoja kumuuliza anatafuta nini. Alipoambiwa, naye akaanza kutafuta. Wakaja wawili, wakaja sita.

"Huu ni wangu, nina alama ya pasi hapa."

"Shemeji, huo si wako, wako haujawahi kushika jembe!"

"Mama, njoo uone, mwanao amekuchora na kucha zako hizo!"

Bibi mmoja aliusogelea mkono uliokuwa unachambua mchele, akaweka wa kwake juu ya karatasi, akakaa hivyo kwa muda. Watu wakampisha. Chumba kikajaa, koridoni wakasukumana. Mwalimu Mkuu alifika, akatazama, akavua miwani akaifuta.

Saa ya hotuba ya Mwalimu wa Hesabu ikafika, ukumbini wakawa watu watano. Akaja kuwafuata. Akasimama palepale alipozoea, akaegemeza mkono kwenye fremu, chaki kati ya vidole, tayari kuwatangazia muda. Macho yake yakaangukia ukutani kando yake. Pale palikuwa na fremu ya mlango, na mkono wa kulia umeiegemea, kidole cha mwisho kimepinda kidogo kwa ndani, chaki imesimama kama sigara isiyowashwa.

Huyu hakuwa na mtoto shuleni pale. Wala nyumbani. Hakuwa ametarajia kutafutwa.

Akautazama mkono wake. Akautazama wa ukutani. Kisha, kwa kuwa mtu ni kazi yake, akahesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Akatafuta cha tano. "Vinne! Fundi, safari hii umenipunguza!"

Vidole Sita akatoka nyuma ya kabati. Alimtazama usoni, jambo ambalo nusu ya mtaa haikuwahi kumwona akifanya.

"Cha tano kiko nyuma ya chaki, Mwalimu."

Mwalimu wa Hesabu akaishika chaki yake kama ilivyochorwa, akageuza mkono upande huu na ule. Ni kweli. Watu wakacheka, naye akacheka, akiwa hajazoea. Baadaye, wakati wengine wanatoka, alimsogelea Mwalimu Mkuu.

"Kuhusu vile vipindi vya Alhamisi," akasema.

"Ndiyo?"

"Acha vibaki. Nimefikiria, michezo nayo ina vipindi vingi mno."

Mwalimu wa michezo, aliyekuwa amesimama karibu akila karanga, akaacha kutafuna. Mwalimu wa Hesabu alikuwa anaibandua ile karatasi ukutani kwa uangalifu, kona baada ya kona. Hakuuliza kama anaruhusiwa kuondoka nayo, na hakuna aliyemkatalia.

Wiki iliyofuata kinyozi alikuja kibarazani kudai mikono yake. Miaka tisa imetosha, alisema. Vidole Sita akasimamisha ngazi kwenye kona, akakoroga rangi ya ngozi, akaanza na mkono wa mkasi. Watu wakakusanyika chini, wakahesabu kila kidole kilipotokea, na kilipotimia cha tano wakapiga makofi. Akashuka hatua mbili, akatabasamu.

"Mwalimu," Wakili akaita kutoka mlangoni mwa saluni, ufagio mkononi, "huo ni mkono wa kulia au wa kushoto?"

Akautazama wake. Akautazama wa bango. "Wa kulia."

"Basi gumba limehamia kwa jirani."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika mpaka bucha. "Jamani, nirudishieni mikono yangu nyuma!" kinyozi akalia. Vidole Sita akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akapanda tena, akalifuta gumba polepole, huku akipima kwa jicho nafasi ya kulihamishia.